Picha ya Marehemu Tunaibeba, ya Mgonjwa Je?

Juni 20, 2025 Baraza la Makabwela la Uingereza lilipitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 muswada wa kumruhusu mgonjwa aliyekaribia kufa asaidiwe kukatisha maisha yake. Picha zikazagaa. Huku watu wa fulana za waridi wameinua picha za wazazi wao waliokufa kwa mateso. Kule walemavu kwenye viti vya magurudumu, mabango mapajani, wanaupinga muswada.

Picha zile zikafika mpaka kwenye simu zetu hapa Mwanza. Tukafanya nini? Tukakemea. Wazungu wamelaaniwa! Hawamjui Mungu! Wanaua wazazi wao!

Nyani haoni kundule.

Wewe unayekemea, ulisema nini siku ile ulipotoka kumwona shangazi yako anayeoza kwa saratani? Hukusema, "Mungu amchukue tu apumzike"? Ulisema. Na mimi nimesema. Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya, wote tunasema, tena kwa kunong'ona, mlangoni, mgonjwa asisikie. Naye anasikia.

Kwa nini tunamwombea afe? Si kwa kukosa upendo. Ni kwa sababu hatuwezi kuvumilia kilio chake cha usiku. Anayelia ana saratani ya shingo ya kizazi, imefika mfupani, na mkononi mwake tumemwekea Panadol. Panadol! Ukimtibu hivyo mtu wa namna hiyo, halafu ukamsikia anaomba kufa, utamlaumu nani?

Dawa ipo. Inaitwa mofini. Ile ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji, bei yake si ya kutisha, mgonjwa anaimeza akiwa kitandani kwake. Majirani zetu wa Ziwa Victoria hilihili, Uganda, walianza kuitumia hivyo mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alipoanzisha huduma yake ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Tangu 2004 sheria yao inamruhusu hata muuguzi aliyepata mafunzo maalumu kuiandika. Maji tunayochota ni yaleyale. Sisi tunangoja nini?

Tume ya jarida la tiba la Lancet ilipiga hesabu mwaka 2017: katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Hayo ndiyo makombo yetu. Na hayo makombo, mgonjwa wa kisiwani Ukara au Kome atayafuata wapi? Apande kivuko, apande gari, apande kilima cha hospitali ya Bugando, na huku kukaa tu hawezi?

Najua kuna atakayeniambia mofini ni kuua polepole, ni dhambi. Ndugu yangu, Papa Pius XII aliwajibu madaktari swali hilo mwaka 1957: kumtuliza mgonjwa maumivu kunaruhusiwa, hata kama dawa inaweza kufupisha siku zake, ilimradi nia si kumuua. Hiyo ni karibu miaka sabini. Bado umelala?

Nami sitaki muswada wa Waingereza uletwe hapa. Siutaki kabisa! Huku Usukumani tumewakatakata kwa mapanga vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, eti ni wachawi; macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Tumewawinda wenye ualbino kama si watu. Bibi mwenye shamba zuri na wajukuu wenye haraka, nani atathibitisha kwamba ameomba kufa yeye mwenyewe? Mpe mtoto mwenye tamaa fomu ya kumsainisha mama yake uone.

Lakini sheria yetu inayoweza kumfunga maisha anayemsaidia mwenzake kujiua haimtulizi mgonjwa hata kwa usiku mmoja. Ukimkataza mtu kufa, mpe basi namna ya kuishi siku zilizobaki. Tumekataza, tukaondoka.

Na tazama tunavyojua kutoa pesa akishakata roho! Kundi la WhatsApp linafunguliwa siku hiyohiyo. Michango inamiminika: turubai, muziki, basi la kwenda kijijini, mpiga picha, fulana zenye sura ya marehemu kifuani. Alipokuwa anaomba dawa kundi hilo lilikuwa wapi? Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara Septemba 2018, wakafa zaidi ya watu 220, simu zilijaa picha kabla maiti hazijaisha kuopolewa. Tunaijua sana kamera. Tunaijua mbele ya maiti.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tunaficha mpaka kilio, halafu tunakikodia spika.

Wale wa London, wawe wamekosea au wamepatia, walizibeba picha za watu wao mpaka mlangoni pa wanaotunga sheria. Sisi picha ya mama tunaibeba mbele ya jeneza lake, imewekewa fremu, imepambwa maua. Kwa nini hatukuibeba akiwa hai, kwa ridhaa yake, mpaka ofisi ya mganga mkuu wa mkoa? Kwa nini hatumuulizi diwani, hatumuulizi mbunge, hadharani: zahanati za visiwani kwako zina mofini chupa ngapi, na nani ameruhusiwa kuitoa?

Muulize. Mkutano wa hadhara ukiitishwa Nansio au Sengerema, simama umuulize, na asipojibu usikae chini.