Herufi za Gari Si Mapambo

Watu husema ajali haina kinga. Mimi hapo nakataa kabisa! Ajali nyingine kinga yake imeandikwa pale pale kando ya mkono wa gia, ila hatusomi.

Siku hizi magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani ni ya otomatiki. Mtu aliyezoea klachi akilipata huona kazi imekwisha: mafuta na breki, basi. Ati gari linajiendesha! Mjomba wangu alikuwa na imani hiyo. Jioni moja mwaka jana alifika langoni kwetu, ambapo pana mlima, akatia N kama alivyozoea kuweka fri kwenye lori, akashuka kufungua lango huku injini ikinguruma. Handibreki hakuvuta. Gari lilirudi nyuma polepole, kisha likashika kasi, likamkosa dada yangu mdogo aliyekuwa anatoka kuteka maji, likagonga mti wa avokado. Nyanya alisema ni shetani. Mimi nilipochungulia ndani niliona mkono wa gia uko kwenye N.

Ndugu msomaji, N ni fri, yaani injini na magurudumu hayajuani, wala hakuna kinachozuia gari. Kuegesha ni P. Ukitia P, kijino cha chuma ndani ya giaboksi huingia kwenye gurudumu lenye meno na kulifunga. Lakini ni kijino kidogo tu! Mlimani usikibebeshe gari zima. Kanyaga breki, vuta handibreki, ndipo utie P. R ni ya kurudi nyuma. D ni ya kwenda mbele, na ukiachilia breki gari huanza kutambaa hata kabla hujakanyaga mafuta.

Halafu kuna L, au 2, ambayo madereva wengi hawaigusi katu. Hiyo ndiyo ya miteremko kama ile ya Mai Mahiu. Huzuia gia zisipande, injini ikasaidia kulishika gari. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto mpaka ziache kushika. Wengine wanatia N mteremkoni eti wanaokoa mafuta. Uongo mtupu! Magari mengi ya sasa, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta huyakata yasiende kwenye injini. Kwenye N injini sharti iendelee kunywa, la sivyo itazima.

Najua kuna watakaouliza, sisi wa kutwa tunaokuja shule kwa miguu magari yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwani sisi ndio hupita nyuma yake. Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wa Fizikia watutolee kipindi kimoja tu, watupeleke pale yanapoegeshwa magari ya walimu, watufungulie mlango mmoja tuone. Nimeshachungulia, matatu ni ya otomatiki.