Tuyapime makanisa haya kabla hatujachelewa

Juzi Jumamosi nilikuwa Kariakoo kutafuta betri ya kamera. Nilipoipata nikasema ngoja niijaribu. Nikatembea kwa miguu, nikakatisha Mnazi Mmoja mpaka Posta, nikatokea baharini.

Wengi wetu tunapita pale kila siku tukiwahi pantoni, hatuinui macho. Azania Front la Walutheri lina paa la vigae vyekundu na mnara wake. Hatua chache mbele, Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki ni la mtindo wa Kigothi: matao yaliyochongoka juu na vioo vya rangi vilivyoletwa kutoka Ujerumani. Yote mawili yalijengwa enzi za Wajerumani.

Sasa sikilizeni hili. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Jengo la baadaye linasubiri waziri alitangaze. Lakini Dar yenyewe Sultani Majid alianza kuijenga miaka ya 1860! Maana yake karibu mji wote wa zamani unategemea hisani.

Kuna jamaa aliniambia, "Hayo ni ya wakoloni, yanakuhusu nini?" Yananihusu. Walioyachora walikuwa Wajerumani, ila mikono iliyobeba mawe ilikuwa ya watu wa hapa, na majina yao hatuyajui. Tukiyapoteza majengo, hata alama ya kazi yao itakuwa imekwenda.

Na jengo kupotea ni kazi ya usiku mmoja. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli iliyofunguliwa 1975, liliungua Julai 10, 2021. Kanisa nalo lina mbao darini.

Sisemi serikali ije na mabilioni. Nasema wanafunzi wa usanifu pale Chuo Kikuu Ardhi wapewe kanisa moja moja: wapime kuta, wachore, wapige picha kila kioo na kila mlango, wawahoji wazee wa usharika. Nakala moja ibaki kanisani, nyingine iende Makumbusho. Halafu kamati ya ujenzi ikitaka kung'oa madirisha ya mbao iweke alumini, angalau tutajua kinachong'olewa.

Jumapili ukitoka ibadani, inua macho. Hata kama si wa dhehebu hilo, mji ni wako. Au nyie mnaonaje?