Sinza wamemkumbuka Remmy, sisi je?

Ukipanda daladala Dar es Salaam ukamwambia kondakta "Sinza kwa Remmy", hatakuuliza Remmy yupi. Ni Ramadhani Mtoro Ongala, mwana wa Maniema, jimbo letu huku Kongo, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Alifika Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaiongoza Super Matimila. Makazi yake ndiyo yaliyokipa kituo jina, na jina limebaki ingawa mwenyewe alifariki Desemba 2010. Wanaoshuka hapo leo kutafuta saluni au baa, pengine wengi hawajawahi kulisikia gitaa lake.

Alistahili. Aliimba juu ya kifo, umaskini na Ukimwi bila kuuma maneno. "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu wakaujua vilevile. Mwaka 1989 albamu yake ilitolewa Uingereza na Real World, kampuni ya Peter Gabriel.

Kiswahili kilipanda kwetu na misafara ya Ujiji, ikipita Kabambare hadi Kasongo, pamoja na minyororo ya utumwa. Remmy alikirudisha mashariki kwa muziki. Serikali ya jimbo ichague barabara moja iipe jina lake, na kando yake vijana wapate jukwaa la kupigia. Watakaosema barabara ichongwe kwanza wana haki. Tope letu la masika halina utani. Basi ichongwe, na kibao kisimikwe siku hiyohiyo.