AFYA NYUMBANI: Musimlaze mgonjwa siku zote

Mama amepasuliwa ili azae, iwe Panzi, iwe Hospitali Kuu ya Bukavu. Jamaa wanajaa kitandani: «Lala, mama, usiinuke, kidonda kitafunguka!» Ni upendo, lakini upendo ule unaweza kuua.

Miguu isipotembea, damu inaenda polepole ndani ya mishipa, mwisho inaganda. Donge lile likikatika linapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa kwa ghafula. Wenye mwili munene, wazee, mama waliotoka kuzaa, na kijana aliyevunjika mguu katika shimo kule Kamituga, wote wana hatari zaidi. Hata wale wanaopasuliwa tumbo ili wapunguze unene, katika inchi zingine, wanainuliwa mapema watembee, na wengi wanaendelea na sindano nyumbani.

Dawa ya sindano ile, heparini, iligunduliwa mwaka 1916 kule Baltimore, Marekani. Inazuia damu isigande. Munganga akiiandika, musiseme: «Amepona, feza tununue chakula.» Mumalize zote.

Basi umshike mkono, mutembee polepole mpaka kwenye dirisha. Akilala, achezeshe nyayo. Mukirudi kijijini kwa gari, musimame njiani atembee kidogo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, musiukande: mumrudishe hospitali, hata kama alitoka wiki mbili zilizopita. Pumzi ikikatika ama kifua kikichoma, musingoje asubuhi.