Joto la Maji Halitaki Mlinzi wa Kusinzia

Wako watu wanaodhani kwamba tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe ni pambo tu la hoteli au la nyumba ya tajiri. Sisi hatukubaliani nao. Tangi hilo ni kipande cha bahari kilichohamishwa, na kila kiumbe kilichomo kimenyang'anywa uwezo wa kujiokoa. Samaki wa baharini akiona joto huweza kuteremka kilindini. Samaki wa tangini hana pa kukimbilia. Kwa hiyo yeyote anayelimiliki tangi amejitwika dhamana, na dhamana ya kwanza ni joto la maji.

Hapana budi tueleze sababu. Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni mnyama mdogo ajengaye mifupa ya chokaa. Ndani ya mwili wake huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutumia nuru kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Maji yakizidi kwa digrii moja tu joto la kawaida la mwezi ulio mkali kuliko yote, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, mapatano hayo huvunjika. Mwani hufukuzwa, tumbawe hubaki jeupe, na lisipopata nafuu mapema hufa. Ndiyo sababu wafugaji wengi huyaweka maji yao kati ya digrii 24 na 27 za sentigredi.

Jambo hilo si jepesi hapa kwetu bara. Mji wa Kampala uko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku hewa huweza kushuka hadi digrii 17, na mchana ikapanda hadi 28, huku taa na pampu za tangi zikiongeza joto lao wenyewe. Mwenye tangi huhitaji hita usiku na feni mchana. Feni ipulizapo juu ya maji, maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Lakini chumvi haiondoki. Asiyejua hujazia maji ya chumvi, na chumvi huzidi siku hata siku. Ajuaye hujazia maji safi yasiyo na chumvi, kwa kipimo kile kile kilichopotea.

Walakini chombo si mlinzi. Swichi ya hita yaweza kunata, hita ikawaka usiku kucha, na kulipopambazuka viumbe vyote vikawa vimepikwa. Ndiyo maana hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa: moja ikinata haina nguvu ya kuyapandisha maji upesi, na ikizimika nyingine hushika zamu. Kipimajoto nacho hulinganishwa na cha pili, kwani kimoja hakina shahidi. Joto likizidi, lishushwe polepole. Kumwaga barafu tangini ni kuviua kwa dakika chache viumbe ambavyo vingeweza kuokolewa. Umeme ukikatika, pampu ya hewa itumiayo betri ndiyo itangulie, kwa kuwa maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi.

Dunia imekwisha ona thamani ya maarifa haya. Mwezi wa Julai 1998 ulipokaribia, miamba mingi ya Bahari ya Hindi ya Magharibi ilikuwa imekwisha pauka kwa joto la bahari, na hapakuwa na pa kuyahamishia matumbawe. Mwaka 2023 joto kali liliipiga Florida, huko Marekani. Katika ghuba ya Manatee, yenye maji machache ya kina, kipimo kilionyesha digrii 38 na zaidi. Wataalamu waliyatoa maelfu ya vipande vya matumbawe baharini na kuviweka katika matangi ya nchi kavu yenye maji ya joto la kadiri. Wanasayansi walitangaza mwaka 2025 kwamba aina mbili za matumbawe yenye matawi zilizojenga miamba ya huko zilikuwa karibu kutoweka kabisa katika mwamba wa Florida. Sehemu ya mbegu iliyosalia imo matangini. Hapo ndipo hita, feni na kipimajoto vilipoacha kuwa vitu vya anasa.

Twayaelekeza maneno haya kwa askari na polisi kwa sababu maalumu. Jeshi letu lilipelekwa maziwani mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu. Kulinda viumbe vya majini si kazi ngeni kwa wenye sare. Matumbawe magumu nayo yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hayaruhusiwi kuuzwa nje bila kibali cha nchi yanakotoka. Askari wa mpakani au wa uwanja wa ndege atakayekuta mifuko ya maji yenye matumbawe na adai kibali hicho. Lakini akiisha kukamata, asiliache sanduku juani nje ya kituo akisubiri karatasi zikamilike. Na aliweke kivulini, asilifungue ovyo, asitie barafu ndani ya maji, na awaite maofisa wa wanyamapori saa ile ile. Kizibiti kilichokufa kwa joto hakiwezi kurudishwa baharini, na mshtakiwa atakuwa ameuawiwa mali yake na serikali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa tumbawe, hata ukuta haujengeki upesi, maana mwamba uliokufa huchukua miaka mingi kurudi. Twasisitiza kwamba sheria iliyo mikononi mwa askari haiishi kwenye pingu. Huendelea mpaka kile kilichookolewa kimefika salama, kikiwa hai.