Safari ya Mombasa isiwe mbio za kufika

Shule zifungapo, familia nyingi za Nairobi na za bara huelekea Mombasa. Aghalabu safari hiyo hupangwa kwa swali moja tu: tutafika saa ngapi? Gari huondoka alfajiri au, vibaya zaidi, usiku wa manane. Watoto husinzia kitini, baba hushindana na malori, na kilomita zipatazo 480 humalizwa kwa mfululizo bila ya mtu kuona lolote ila migongo ya matrela. Kwa maoni yangu, huko si kusafiri bali ni kuhamishwa.

Nasema haya nikiwa mwalimu. Katika kufundisha isimu nimekutana na wanafunzi wengi waliokwisha kupita njia hii mara kadhaa, wasiweze kunitajia lugha tatu zinazozungumzwa kando yake. Siwalaumu, kwa maana hakuna aliyewasimamisha wasikilize. Nawashauri basi wazazi na walimu waigawe safari hii kwa siku tatu, na wavichague vituo kabla ya kupanga jambo jingine lolote.

Siku ya kwanza iishie Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Kabla ya kuondoka, watoto waambiwe kwamba jina Nairobi latokana na Kimaasai, enkare nairobi, yaani maji baridi. Wakifika Sultan Hamud, mji mdogo uliopewa jina la Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, waulizwe jina la mtawala wa Unguja lilifikaje Ukambani. Jibu limelala karibu nao: ni reli, iliyokuwa ikijengwa miaka hiyo hiyo. Makindu nako kuna hekalu la Masingasinga ambamo msafiri wa dini yoyote hukaribishwa chakula bila malipo, naye huacha sadaka akipenda.

Siku ya pili ni fupi, kwani kutoka Mtito Andei hadi Voi ni kama kilomita 100 tu. Muda unaobaki ni wa kuingia mbuga ya Tsavo Magharibi kuziona chemchemi za Mzima. Maji yake huchujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu, na sehemu yake husafirishwa kwa mabomba hadi Mombasa. Ada ya mbuga ikizidi uwezo, daraja la Tsavo lipo njiani. Hapo, mwaka 1898, simba wawili waliwaua wafanyakazi kadhaa wa reli kabla ya kupigwa risasi na J. H. Patterson. Simba hao sasa wamo katika Makumbusho ya Field, Chicago. Mwalimu wa historia hahitaji swali jingine zaidi ya hili: kwa nini wako huko, wala hawako hapa?

Siku ya tatu ni ya nyika. Baada ya Mackinnon Road na msikiti wake kando ya reli, hufuata Maji ya Chumvi, jina lisilohitaji mkalimani. Huko Waduruma, na mbele yao Warabai, maji huyaita madzi. Hapo Mazeras yafaa kuiacha barabara kuu na kwenda Rabai, walikoanzisha kituo chao wamishonari Krapf na Rebmann mwaka 1846. Kamusi ya Kiswahili aliyoitunga Krapf ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aidha, kaya za Rabai ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Kila mtoto na awe na daftari. Katika kila kituo amwamkie mzee kwa adabu, kisha amwulize maneno matano tu: maji, moto, jicho, mti na njia. Atakapofika Kivukoni Likoni atakuwa na jedwali ambalo vitabu vya shule havikumpa, na ataona mwenyewe ni lugha zipi zilizo ndugu wa Kiswahili na ni zipi zisizo.

Najua nitaulizwa: mwalimu ataipata wapi fedha ya kulala njiani mara mbili? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba siku hizo zipunguzwe katika zile za ufuoni, si kuongezwa juu yake. Nyumba za wageni za Mtito Andei na Voi ni nafuu kuliko hoteli za pwani, na chakula cha mchana chaweza kupikwa nyumbani. Mwingine atasema kwamba treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hufika kwa muda wa saa tano hivi. Ni kweli, na mwenye dharura aipande. Lakini abiria hawezi kuiomba treni isimame Rabai.

Fauka ya hayo, anayesafiri mchana kwa vituo huwa na dereva aliyepumzika. Barabara hii imekwisha kutuzika wengi, na si wachache kati yao walioangamia usiku wakikimbilia kufika. Mwenda pole hajikwai.

Likizo ijayo, ramani iwekwe mezani juma moja kabla ya safari, na watoto wenyewe waachiwe kuchagua angalau kituo kimoja.