Siti Moja, Abiria Wawili: Kwa Wewe Unayetaka Kazi ya Kanzidata



NILIKUWA Stendi ya Msamvu asubuhi moja nikisubiri basi la kutoka Dar kwenda Dodoma. Basi likaingia, nikapanda, nikaenda kwenye siti yangu namba 23. Nikamkuta mama mmoja amekaa, mjukuu mapajani. Shikamoo mama, samahani, hii ni siti yangu. Marahaba mwanangu, mbona ni yangu? Akatoa tiketi. Namba 23, basi lilelile, tarehe ileile. Yeye alikatiwa Mbezi, mimi nimekatiwa palepale Msamvu.

Konda akaitwa. Akatazama tiketi zote mbili, kisha akanitazama mimi kama vile ndiye mwenye kosa. "Bro, mama atakaa. Wewe kijana, sogea pale mbele kwenye injini, siyo mbali." Siyo mbali! Kilomita zaidi ya 250 mpaka Dodoma, na injini ile ilikuwa inachemka kama jiko la mkaa. Basi lenyewe silitaji.

Pale kwenye injini nilimkuta kijana mwingine, ana bahasha ya kaki kaikumbatia. Mdau yeyote wa Msamvu anaijua hiyo bahasha: ni vyeti, safari ni ya usaili. Amemaliza digrii ya TEHAMA, na ndoto yake ni kuwa msimamizi wa kanzidata. Akaanza kunimwagia ya moyoni. "Kaka, Serikalini nafasi zikitoka ni chache, tunaomba maelfu. Kampuni binafsi wanataka uzoefu wa miaka mitatu. Sasa hiyo miaka mitatu nitaitoa wapi kama hakuna anayenipa hata mwezi mmoja?"

Nikamuuliza anajipangaje. Akasema anakwenda kumwomba mjomba wake wa Kinole auze sehemu ya shamba la ukoo, apate hela ya kufanya mtihani wa cheti cha kimataifa, ule unaolipiwa kwa dola. Nikashtuka. Kwa Waluguru shamba la ukoo siyo neno dogo, na mjomba ndiye mwenye kauli. Shamba likishauzwa, limeuzwa. Cheti nacho unaweza kukipata na bado ukarudi kwenye injini.

Nami nikamuuliza swali moja tu: wewe ni mtu wa kanzidata, ungefanya nini ili siti namba 23 isiuzwe mara mbili?

Akanijibu vizuri, tena haraka. Ungeweka sharti kwamba namba ya basi, tarehe na namba ya siti vikiungana visijirudie. Wakala wa pili akijaribu kuuza, kompyuta inakataa. Nikampa tano. Kisha nikamuuliza: abiria aliyekaa namba 23 kutoka Dar akishukia Msamvu, siti si inabaki wazi mpaka Dodoma? Sharti lako si litakataa isiuzwe tena, basi liende tupu? Akanyamaza. Halafu akacheka. "Aisee, hilo darasani halikuwepo."

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo.

Halikuwepo darasani, lakini kila mkatisha tiketi wa Msamvu analijua. Msamvu ni njia panda: wa Dar, wa Dodoma, wa Iringa, wote wanapita hapo. Siti moja inaweza kuuzwa kihalali mara mbili au tatu kwa safari moja, ilimradi vipande vya safari visigongane. Kwa hiyo kanzidata ya kweli ya mabasi lazima ijue abiria anapandia wapi na anashukia wapi. Ujuzi huo hauuzwi kwa dola. Unapatikana kwa kukaa kwenye benchi la wakala asubuhi tatu, daftari mkononi, unauliza na kusikiliza.

Naona vijana wetu wengi wa TEHAMA wanaanzia mwisho. Morogoro hapa tuna SUA, tuna Mzumbe, tuna Chuo Kikuu cha Waislamu. Wasomi hawakosekani. Lakini toka nje ya geti la chuo uone: SACCOS inatunza marejesho kwenye daftari lililoloa chai, duka la dawa halijui dawa ipi inaisha muda mwezi ujao, sekondari ya kata ina mafaili matatu ya Excel na kila moja lina idadi yake ya wanafunzi. Huo wote ni uzoefu, umelala chini, hakuna wa kuuokota.

Programu zenyewe ni za bure. PostgreSQL ni bure. MySQL ina toleo la bure, na ipo tangu 1995. Laptopu ya mtumba inatosha. Misingi yake ni ya zamani: Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, aliandika mwaka 1970 namna ya kupanga taarifa kwenye majedwali yanayohusiana, na mpaka leo benki na mitandao ya simu wanakula matunda ya wazo hilo. Ukilielewa vizuri kwa tiketi za Msamvu, umelielewa kwa kiasi kikubwa na kwa benki.

Jambo la pili. Kijana yule alidhani kazi ni kutengeneza majedwali. Mimi nasema nusu ya kazi ni kuhakikisha hayapotei. Gazeti moja nililofanyia mazoezi kompyuta ya chumba cha habari ilikufa Jumatatu. Nakala? "Zipo kwenye flashi." Flashi? "Ilikuwepo." Mahojiano yangu ya wiki tatu yakaenda na maji.

Na msidhani ni ushamba wetu. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watengeneza programu wa dunia nzima, fundi wake aliyekuwa akihangaika na tatizo usiku alifuta data kwenye seva ambayo siyo. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala rudufu. Hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala ambayo fundi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walichokifanya baadaye ndicho kilichonifurahisha: hawakumtoa kafara mtu mmoja, walieleza kila kitu hadharani ili wengine wajifunze. Kwa hiyo dogo, bakapu ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha bado ni matumaini tu. Ukienda kwenye usaili, uwezo wa kusema "nilifuta kwa makusudi, nikairudisha, ikachukua dakika kadhaa" unazidi karatasi nyingi.

Jambo la tatu ni uaminifu, na hapa tusidanganyane. Aprili 28, 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Walijulikanaje? Vyeti vyao vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Fikiria kumbukumbu zile zingekuwa chini ya mtu anayepokea bahasha na kubadili mstari mmoja. Msimamizi wa kanzidata haonekani, hapigwi picha, lakini ameshika mkate wa watu. Akikosea, asiye na hatia anafukuzwa. Akihongwa, mwizi anakula pensheni.

Na hata yale madogo. Dada zetu wanajua: unakata tiketi, unaandika namba ya simu, jioni konda anakutumia meseji kwamba amekupenda. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Namba iliyochukuliwa kwa ajili ya safari ni ya safari. Ukiwatengenezea mawakala programu, jiulize kabla ya yote: nani ataziona namba hizi?

Najua mtanijibu. Mtasema kijana hali daftari la SACCOS, anakula ugali. Kweli kabisa, na sisemi afanye bure. Adai hata kidogo, na waandikiane. Mtasema pia kwamba mwajiri haangalii tiketi za Msamvu, anaangalia cheti. Wapo wa hivyo. Nao nina neno nao: kudai miaka mitatu ya uzoefu kwa kazi ya kuanzia ni kutaka kuvuna shamba alilolima mwenzako. Mpeni kijana laptopu na tatizo moja la kweli, mumpime kwa siku mbili. Mtajua.

Wala sichukii vyeti vya kimataifa. Vina mahali pake. Ninachosema ni mpangilio: tatizo la kweli kwanza, bakapu iliyojaribiwa pili, cheti tatu, tena kwa hela iliyotokana na kazi hiyohiyo. Shamba la mjomba libaki na karafuu zake.

Muda nao hautusubiri. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 14, 2024, na LATRA imekuwa ikiwasukuma wenye mabasi waingie kwenye tiketi mtandao. Mifumo hiyo lazima itunzwe na mtu. Kama siyo kijana wa Kihonda au Kinole, atatoka mbali, na hatajua kwamba siti ya Msamvu huuzwa mara mbili kihalali.

Tulishuka Dodoma, mgongo unaniuma. Yule dogo alikuwa ameanza kuchora majedwali nyuma ya ile bahasha ya kaki: mahali pa kupandia, mahali pa kushukia. Akaniuliza, "Kaka, na abiria akipitiliza kituo chake inakuwaje?"

Nikamwambia, kamuulize konda.

Naomba kuwasilisha.